Madai ya Hataza na Teknolojia ya Mtandao Iliyoyatangulia: Hataza ya Blackboard ya Mwaka 2006 na Ushahidi wa Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Januari 2006 Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani iliipatia kampuni ya Blackboard hataza namba 6,988,138. Hataza hiyo ilihusu mfumo na mbinu za kusaidia elimu kwa njia ya intaneti, na haki ya kipaumbele iliyodaiwa ndani yake ilirudi nyuma hadi mwezi Juni 1999. Katika miaka hiyohiyo, watafiti wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Taasisi ya Teknolojia ya Blekinge ya Sweden, walikuwa wakisanifu mfumo wa kujifunzia kwa kompyuta kwa ajili ya shule za sekondari za Tanzania. Shule mbili za majaribio zilikuwa Kibaha, mkoani Pwani: Shule ya Sekondari Kibaha na Shule ya Wasichana ya Wali-ul-Asr.

Matukio haya mawili hayakukutana mahakamani. Hataza ina nguvu ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa, na kwa hiyo hataza ya Marekani haikuweza kuzizuia shule za Kibaha kuwapa wanafunzi wao notisi na mazoezi kupitia seva. Hata hivyo, yote mawili yalihusu jambo lilelile, yaani seva moja, watumiaji wengi, na viwango tofauti vya ruhusa kwa mwalimu, mwanafunzi na msimamizi. Aidha, programu huria ambazo kazi ya Kibaha ilizitegemea ni za jamii ileile ya programu ambazo waendelezaji wake walilazimika kuipinga hataza hiyo.

Makala hii inachunguza maswali matatu. Kwanza, madai ya hataza hiyo yalisema nini, na teknolojia ya mtandao iliyotangulia iliyaangushaje? Pili, shughuli za elimu na za kupashana taarifa zilizofanyika Kibaha na Kisarawe zina uzito gani zinapolinganishwa na madai ya namna hiyo? Tatu, ni masharti gani yanayoifanya kazi iliyofanyika mkoani Pwani ihesabike, au isihesabike, kuwa ushahidi? Hoja kuu ni kwamba kutangulia kutenda hakutoshi. Teknolojia hutambuliwa kuwa imetangulia pale tu inapokuwa na kumbukumbu yenye tarehe, yenye maelezo ya kutosha, na inayoweza kufikiwa na mtu anayeitafuta.

2.0 Dhana za Msingi

Hati ya hataza ina sehemu kuu mbili. Sehemu ya maelezo hufafanua uvumbuzi ili mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo aweze kuutekeleza. Sehemu ya madai huweka mipaka ya haki. Kila dai huandikwa kama sentensi moja, na ndani yake kuna vijenzi kadhaa. Kwa sababu haki yote imo katika madai, ulinganishi wa hataza na teknolojia ya zamani haufanywi kwa kutazama wazo la jumla. Hufanywa kwa kulivunja dai katika vijenzi vyake, kisha kuuliza kama kila kijenzi kilikuwapo hapo awali.

Teknolojia na maarifa yote yaliyokuwa wazi kwa umma kabla ya tarehe husika huitwa katika makala hii maarifa tangulizi. Maarifa hayo hutumika kwa njia mbili. Njia ya kwanza inahusu upya: dai huanguka iwapo chanzo kimoja kilichotangulia kina vijenzi vyake vyote. Njia ya pili inahusu hatua ya uvumbuzi: dai huanguka iwapo mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeweza kulifikia kwa urahisi kutokana na vyanzo kadhaa kwa pamoja. Katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex la mwaka 2007, Mahakama Kuu ya Marekani ililegeza kigezo cha njia hii ya pili, na hivyo ikarahisisha kazi ya wanaopinga hataza zinazounganisha tu mambo yaliyokwisha kujulikana.

Nchini Tanzania, sheria inayotumika ni Sheria ya Usajili wa Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Sheria hiyo nayo inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Aidha, mbinu za kuendesha biashara na za kutenda matendo ya akili tupu hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Tangu mwaka 1999 Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Harare ya Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, na pia wa Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza. Hivyo basi, ombi lililowasilishwa Harare linaweza kuitaja Tanzania, na hataza itakayotolewa ikapata nguvu Kibaha na Kisarawe sawa na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, swali la nani anatunza ushahidi wa teknolojia iliyotangulia linaihusu Tanzania moja kwa moja.

3.0 Hataza ya Blackboard na Vyanzo Vilivyoitangulia

3.1 Madai yalivyokuwa

Hataza namba 6,988,138 ilikuwa na madai 44. Madai 1 hadi 35 yalihusu mfumo wenye seva na kompyuta nyingi za watumiaji zilizounganishwa kwa mtandao. Kila mtumiaji alikuwa na sifa zinazoonyesha dhima alizopangiwa, na kila dhima ilimpa kiwango fulani cha kuzifikia na kuzidhibiti faili za kozi. Madai 36 hadi 38 yalihusu mbinu ya kutoa elimu mtandaoni, ambamo mtumiaji anaweza kuwa na dhima zaidi ya moja katika kozi zaidi ya moja. Kwa mfano, mtu huyohuyo anaweza kuwa mwalimu katika kozi moja na mwanafunzi katika nyingine.

Tarehe 26 Julai 2006 Blackboard iliishtaki kampuni ya Desire2Learn ya Kanada katika mahakama ya shirikisho ya Texas Mashariki. Shauri hilo lilizua hofu kubwa katika vyuo vikuu, kwani karibu kila mfumo wa kujifunzia mtandaoni ulikuwa na seva, kozi na dhima za watumiaji. Waendelezaji wa mifumo huria ya Moodle, Sakai na ATutor hawakuwa wameshtakiwa, lakini walijiona wamo hatarini. Mwezi Novemba 2006 kituo cha kisheria kinachotetea programu huria kiliiomba Ofisi ya Hataza iipitie upya hataza hiyo kwa niaba yao. Wakati huohuo, walimu na wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanya kwa pamoja orodha ndefu ya mifumo ya zamani, wakiipanga kwa miaka.

3.2 Mifumo iliyotangulia

Orodha za namna hiyo zilianzia mbali. Mfumo wa PLATO ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960 chini ya uongozi wa Donald Bitzer. Katika miaka ya 1970 mfumo huo ulikuwa na vituo vingi vilivyounganishwa na kompyuta kuu moja, ukitofautisha mwandishi wa masomo, mwalimu na mwanafunzi, na tangu mwaka 1973 ulikuwa na sehemu ya kuandikiana ujumbe. Mfumo wa WebCT, uliobuniwa na Murray Goldberg katika Chuo Kikuu cha British Columbia katikati ya miaka ya 1990, ulileta kozi, majaribio na kumbukumbu za alama katika kurasa za intaneti. Mfumo huo ulifika hadi Tanzania, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliutumia kabla ya kuhamia Moodle.

Hata hivyo, mahakamani vyanzo vyenye uzito mkubwa havikuwa vile vya kale zaidi. Vilikuwa vile vilivyolingana na madai kijenzi kwa kijenzi. Viwili vilijitokeza: Serf, mfumo wa Chuo Kikuu cha Delaware, na CourseInfo 1.5, bidhaa ya awali ya Blackboard yenyewe. Katika mifumo hiyo, mtu aliweza kuwa mwalimu katika kozi moja na mwanafunzi katika nyingine, lakini kwa kuingia kwa majina tofauti ya mtumiaji.

3.3 Hukumu

Mahakama ya Texas iliyabatilisha madai 1 hadi 35 kwa sababu lugha yake haikuwa na mipaka ya kueleweka. Madai 36 hadi 38 yalipelekwa mbele ya jopo la raia, ambalo mwezi Februari 2008 liliipa Blackboard ushindi na fidia ya takriban dola milioni 3.1. Mwezi uliofuata, Ofisi ya Hataza, katika uamuzi wake wa awali wa mapitio, iliyakataa madai yote 44. Kwa hiyo, kwa muda fulani, vyombo viwili vya nchi moja vilikuwa na maoni yanayopingana juu ya hati moja.

Tarehe 27 Julai 2009 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliukata mzizi wa fitina. Blackboard ilidai kwamba upya wa madai 36 hadi 38 ulikuwa katika mtumiaji kuingia mara moja tu na kuzipata dhima zake zote. Mahakama iliyasoma madai hayo na kuona kwamba sharti la kuingia mara moja halikuandikwa ndani yake. Madai yalisema tu kwamba mtumiaji awe na uwezo wa kuwa na dhima nyingi. Sharti hilo lilipoondolewa, hapakubaki tofauti yoyote kati ya madai na mifumo ya Serf na CourseInfo 1.5. Madai yakabatilishwa kwa kukosa upya, na ushindi wa awali ukatenguliwa.

Hukumu hiyo ina mafunzo mawili ya kimbinu. La kwanza ni kwamba ulinganishi uliegemea maneno yaliyoandikwa, si faida ambayo mwenye hataza alikuwa nayo moyoni. La pili ni kwamba mifumo iliyoamua shauri ilijulikana kwa undani: matoleo yake yalikuwa na namba, tarehe zake zilithibitishwa, na namna mtumiaji alivyoingia iliweza kuelezwa hatua kwa hatua. Mfumo wa zamani unaokumbukwa kwa jina tu usingeweza kufanya kazi hiyo.

4.0 Kibaha: Mfumo Ulioandikwa

Kibaha si mahali pa kawaida katika historia ya elimu ya Tanzania. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na likakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania tarehe 10 Januari 1970. Katika eneo moja kulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima, kituo cha afya na maktaba. Kwa hiyo, watafiti walipotafuta shule za kujaribia elimu kwa kompyuta, Kibaha ilikuwa karibu na Dar es Salaam na tayari ilikuwa na mazoea ya miradi ya ushirikiano.

Kazi ya miaka ya 2000 ilitokea katika mazingira ya Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 2003. Kebo ya kwanza ya baharini ya mawasiliano ya intaneti ya upande huu wa Afrika, SEACOM, ilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa kwa shule ya umma. Kwa hali hiyo, mfumo wa kujifunzia uliofaa shule ya sekondari haungeweza kudhani kwamba kila mwanafunzi ana kompyuta na muunganiko wa kudumu. Ilibidi mazingira ya shule yawe sehemu ya usanifu tangu mwanzo.

Matokeo ya kazi hiyo yamehifadhiwa katika tasnifu. Suzan Lujara aliandika tasnifu yake ya mwaka 2008 kuhusu uandaaji na utoaji wa maudhui ya kujisomea kwa shule teule za vijijini. Ellen Kalinga aliandika ya mwaka 2010 kuhusu uendelezaji wa mfumo shirikishi wa kusimamia ujifunzaji katika shule za sekondari za Tanzania. Zote mbili ziliwasilishwa Blekinge. Mfumo wenyewe ulijengwa kwa kutegemea programu huria.

Katika kulinganisha kazi hii na hataza ya Blackboard, tarehe ni jambo la kwanza. Kazi ya Kibaha ilifuata mwezi Juni 1999, na kwa hiyo haiwezi kuwa maarifa tangulizi dhidi ya hataza hiyo. Kudai vinginevyo kungekuwa kuvuruga historia. Umuhimu wake uko kwingine. Kwa madai yoyote yaliyowasilishwa baada ya tasnifu hizo kuwa wazi, kuhusu namna ya kuwafikishia maudhui wanafunzi wa shule zenye muunganiko hafifu, maelezo ya Kibaha yanaweza kusomwa kijenzi kwa kijenzi kama mahakama ilivyoisoma Serf. Yana tarehe, yana majina ya taasisi, na yamo katika orodha za maktaba.

Jambo la pili ni utegemezi. Tarehe 1 Februari 2007 Blackboard ilitoa ahadi ya hadharani ya kutozitumia hataza zake dhidi ya mifumo huria na ile ambayo taasisi zimejitengenezea bila lengo la biashara. Ahadi hiyo ilipunguza hofu, lakini ahadi si haki. Mtoaji ndiye aliyechora mipaka yake. Katika kipindi cha kati ya ahadi hiyo na hukumu ya mwaka 2009, usalama wa programu huria ambazo miradi kama wa Kibaha ilizitegemea ulitokana kwa sehemu na hisani ya kampuni moja. Baada ya hukumu, usalama huo ulitokana na ukweli uliothibitishwa kwamba madai hayakuwa mapya. Tofauti kati ya hali hizi mbili ndiyo thamani ya maarifa tangulizi kwa shule isiyoweza kuajiri wakili.

5.0 Kisarawe: Mtandao Bila Kompyuta

Kisarawe inapakana na Kibaha, na makao makuu yake yako katika vilima vya Pugu, lakini sehemu kubwa ya wilaya imeenea mbali kuelekea kusini na magharibi, hadi kata kama Maneromango, Vikumburu na Mafizi. Wilaya hii nayo ina historia ndefu ya elimu. Katika miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Zanzibar, kilihamishiwa Minaki, na shule ya Minaki imeendelea kuwapo hadi leo. Kisarawe inatoa nafasi ya kupima kikomo cha hoja ya kutangulia. Je, utaratibu wa kale usiotumia kompyuta unaweza kulinganishwa na dai la mtandao wa kompyuta?

Mfano wa kwanza ni elimu kwa njia ya posta, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye elimu ya masafa ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria walikuwamo walimu wengi walioendelea kufundisha. Mwalimu wa aina hiyo alisahihisha kazi za wanafunzi wake mchana na kuandika kazi zake mwenyewe usiku ili zisahihishwe na mwingine. Alikuwa mwalimu katika somo moja na mwanafunzi katika jingine. Alipokea maandiko ya kozi, akatuma majibu, akarudishiwa alama. Kwa mtazamo wa maisha ya kawaida, hizi ndizo hatua zinazosimuliwa katika madai 36 hadi 38.

Mfano wa pili ni MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Zahanati hujaza vitabu na fomu, wilaya hukusanya na kujumlisha, mkoa hupokea muhtasari, na wizara hupokea jumla. Kila ngazi ina kinachoruhusiwa kujazwa na kinachoruhusiwa kuonwa. Zahanati ya Mafizi haiandiki katika taarifa ya Maneromango, na wilaya huziona zote mbili. Huu ni mgawanyo wa dhima na viwango vya ruhusa, ingawa faili zake ni makaratasi na mtandao wake ni basi au pikipiki. Mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ulipoingia nchini, Mkoa wa Pwani ukawa eneo la majaribio, na mgawanyo huohuo wa ngazi ukahamishiwa katika seva.

Kisheria, mifano hii miwili haiangushi dai kwa kukosa upya. Dai linataja seva, kompyuta za watumiaji na faili zinazohamishwa kwa mtandao. Fomu ya MTUHA haina seva, na bahasha ya posta si faili ya kompyuta. Mtafiti anayesema kwamba kila kitu kilikuwapo tangu zamani huanguka katika kosa lilelile la mwenye hataza: analinganisha wazo la jumla badala ya vijenzi. Pia hujiweka katika hatari ya kuyatazama ya jana kwa macho ya leo, ambapo kila kilichotangulia huonekana kana kwamba kilikuwa kikielekea kwenye kilichofuata.

Hata hivyo, mifano ya Kisarawe ina nafasi yake katika swali la hatua ya uvumbuzi. Iwapo mgawanyo wa dhima ulikwisha kujulikana katika shule na zahanati, na iwapo mitandao ya seva na watumiaji ilikwisha kujulikana katika fani ya kompyuta, basi swali linalobaki ni kama kuviunganisha kulihitaji ubunifu wowote. Hapa ndipo makaratasi ya Kisarawe yanapoweza kuzungumza: yanaonyesha kwamba dhima na ruhusa zilitokana na mahitaji ya taasisi, na kwamba kompyuta ilizikuta zikiwapo.

6.0 Masharti ya Ushahidi

Linabaki swali la tatu. Kazi ikifanyika Kibaha au Kisarawe, ni lini huhesabika? Kwa sheria ya Marekani iliyotumika katika shauri la Blackboard, jibu lilikuwa na ubaguzi wa kijiografia. Teknolojia iliyojulikana au kutumiwa ndani ya Marekani ilihesabika hata bila kuchapishwa. Iliyotumiwa nje ya Marekani haikuhesabika, isipokuwa iwe imepewa hataza au imeelezwa katika chapisho. Sheria hiyo ilibadilishwa kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 16 Machi 2013, na tofauti hiyo ikaondolewa. Lakini hataza zilizotokana na maombi ya kabla ya hapo ziliendelea kupimwa kwa kigezo cha zamani. Kwa kigezo hicho, darasa la Kibaha lililotumia mfumo kwa miaka mitano bila andiko lolote lilikuwa halipo.

Kwa hiyo maana ya chapisho ikawa jambo zito, na mashauri matatu ya Marekani yanahusu tasnifu moja kwa moja. Katika shauri la Bayer la mwaka 1978, tasnifu iliyokuwa imefika maktaba ya chuo kikuu lakini haijaingizwa katika orodha wala kuwekwa rafuni haikuhesabika kuwa chapisho. Katika shauri la Hall la mwaka 1986, nakala moja tu ya tasnifu ya udaktari iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilihesabika, kwa kuwa utaratibu wa kawaida wa maktaba ulithibitisha kwamba ilikuwa imeorodheshwa na kufikika. Katika shauri la Cronyn la mwaka 1989, tasnifu za wanafunzi wa Chuo cha Reed hazikuhesabika, kwa kuwa kadi zake zilipangwa kwa majina ya waandishi tu. Mtu aliyetafuta kwa mada asingeweza kuzipata.

Mashauri hayo yanatoa kanuni iliyo wazi. Kinachopimwa si idadi ya nakala, wala umaarufu wa chuo, wala lugha ya maandishi. Kinachopimwa ni kama mtu mwenye nia na bidii ya kawaida angeweza kulifikia andiko kabla ya tarehe husika. Nakala moja ya Freiburg ilishinda kwa sababu ya orodha. Tasnifu za Reed zilishindwa kwa kukosa orodha ya mada.

Kanuni hiyo ikiwekwa juu ya Pwani, picha inayopatikana haina ulinganifu. Mfumo wa shule za Kibaha unaweza kuthibitishwa, lakini kwa njia ya Sweden. Uzoefu wa DHIS2 unaweza kuthibitishwa, kwa sehemu kubwa kwa njia ya Norway, ambako Chuo Kikuu cha Oslo kimekuwa kitovu cha mfumo huo. Ushirikiano huo umekuwa na manufaa, kwani bila hizo tasnifu pengine pasingekuwa na kumbukumbu kabisa. Lakini maana yake ni kwamba sehemu ya historia ya kiteknolojia ya mkoa imehifadhiwa kwa kadiri ilivyoingia katika miradi ya ushirikiano. Kilichobuniwa na fundi wa shule au karani wa wilaya nje ya miradi, hata kiwe na manufaa gani, hakina tarehe wala shahidi.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba Tanzania haina haja ya kujilinda dhidi ya hataza za nje zisizo na nguvu nchini. Pingamizi hili linasahau mambo mawili. Kwanza, kupitia ARIPO na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, maombi ya nje yanaweza kupata nguvu nchini. Pili, mvumbuzi wa Kitanzania anayetaka kuuza mfumo wake nje ya nchi hukutana na hataza za huko. Katika hali zote mbili, anayeweza kuonyesha andiko lenye tarehe yuko mahali tofauti kabisa na anayesema tu kwamba alianza yeye.

7.0 Hitimisho

Hataza ya Blackboard haikuanguka kwa sababu watu wengi waliichukia, wala kwa sababu elimu kwa mtandao ilikuwa wazo la zamani. Madai yake yaliyofika mbele ya jopo yaliangushwa na mifumo miwili iliyojulikana vya kutosha kuwekwa kando ya maneno ya dai na kusomwa kijenzi kwa kijenzi. Mojawapo ilikuwa bidhaa ya mdai mwenyewe, jambo linaloonyesha kwamba ulinganishi wa haki haujali ushahidi umetoka kwa nani.

Kibaha na Kisarawe zinaonyesha pande mbili za tatizo moja. Kibaha ina mfumo wa kompyuta ulioandikwa, ambao haukuwahi kuwa maarifa tangulizi dhidi ya hataza ya mwaka 2006 lakini unaweza kuwa hivyo dhidi ya madai yaliyofuata. Kisarawe ina taratibu za kale za dhima na ruhusa ambazo haziwezi kuangusha dai la mtandao kwa upande wa upya, lakini zinaweza kusaidia katika swali la ubunifu, iwapo zitaandikwa kwa usahihi na bila kutiwa chumvi.

Wajibu unaotokana na ulinganishi huu unaziangukia taasisi za elimu ya juu na maktaba. Tasnifu inayoeleza mfumo uliotumika wilayani inapaswa kutaja toleo la programu, tarehe ya kuanza kutumika, mpangilio wa seva na watumiaji, na hatua ambazo kila mtumiaji alizipitia. Hazina inayoipokea inapaswa kuonyesha tarehe iliyowekwa wazi na kuiorodhesha kwa mada, si kwa jina la mwandishi pekee. Kwa tasnifu za Kiswahili, maneno ya mada yana uzito zaidi, kwa kuwa sheria haibagui lugha lakini mtafutaji asiyeijua huanza na orodha. Bila hayo, kazi ya Pwani itabaki katika hali ya zile tasnifu za Reed: ilikuwapo, lakini hapakuwa na njia ya kuifikia.